Ki-67 asilimia 40, p53 chanya: je, saratani ya jicho langu itasambaa?

*Daktari, shikamoo. Nina miaka 39, nafanya biashara ya samaki pale Feri. Tangu mwaka jana nilikuwa na kinyama cheupe kwenye jicho la kushoto, upande wa pua. Kikaanza kuwasha na kuwa chekundu. Nilidhani ni kile kinyama cha kawaida tu, maana wengi pale sokoni wanacho. Miezi miwili iliyopita kilitolewa, majibu yakarudi kwamba ni saratani. Kwenye karatasi wameandika Ki-67 takriban 40%, p53 chanya kwa nguvu, p16 chanya. Chini yake wameandika kwamba kingo hazikuweza kutathminiwa. Kijana wa jirani alinitafutia kwenye simu, akasoma kuwa saratani ya jicho yenye protini mbaya huenda kwenye ini na mtu hamalizi miaka mingi. Mume wangu naye aliposikia p16 ni mambo ya virusi vya mlango wa kizazi amebadilika kabisa, hata kuongea naye ni shida. Naishi na VVU, dawa natumia vizuri tangu 2016. Shangazi anasema tungekiacha, kisu ndicho kinachoichokoza kansa. Jicho lenyewe sasa haliumi. Hizo protini zinamaanisha nini? Na je, nikubali jicho litolewe mapema kabla haijasambaa?*

Marahaba, dada, na pole sana. Kazi yangu ni patholojia. Mimi ni yule daktari ambaye mgonjwa hamwoni, anayeshinda maabara na hadubini na kuandika karatasi kama hiyo uliyonayo. Kwa hiyo nitakujibu kwa kuisoma karatasi yenyewe, jinsi ambavyo mtu angetakiwa akusomee siku ile ulipokabidhiwa. Wewe umeulizia sana protini. Mimi kilichonishtua ni ule mstari wa kingo, yaani pembezoni mwa kipande palipopita mkasi, ambao umeugusia na kupita. Tutaufikia, lakini kwanza tuiondoe hofu ya ini, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Alichosoma kijana wa jirani si uongo, ila ni ugonjwa mwingine. Ndani ya jicho, kwenye tabaka lenye rangi na mishipa ya damu, hutokea saratani iitwayo melanoma. Hiyo kweli hupenda ini, na kweli ina protini yenye uzito mkubwa kwenye kutabiri, iitwayo BAP1. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichunguza melanoma za jicho za kundi lenye tabia ya kusambaa, wakakuta 26 kati ya 31 zina jeni ya BAP1 iliyoharibika. Tangu hapo, protini hiyo ikikosekana kwenye viini vya seli za melanoma ya jicho, daktari ana sababu ya msingi ya kumfuatilia mgonjwa kwa karibu na kulipima ini lake mara kwa mara. Ugonjwa huo huwapata zaidi watu weupe, na kwetu ni nadra kuuona.

Wako umeanzia juu kabisa, kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Ni saratani ya seli bapa, na mwenendo wake ni tofauti. Kwanza hutambaa palepale, kuelekea kioo cha jicho au upande wa kope. Ikipuuzwa muda mrefu huchimba na kuingia ndani ya jicho au nyuma yake, kwenye tundu. Ikisafiri, kituo chake cha kwanza kwa kawaida ni tezi za mbele ya sikio na za chini ya taya, na kusafiri huko si jambo la kawaida kwa kinyama kilichotolewa kikiwa bado kidogo. Wengi wanaopata ugonjwa huu hawafi kwa sababu yake. Kinachowasumbua ni kwamba unapenda kurudi palepale ulipotolewa.

Sasa Ki-67. Hiyo 67 si asilimia wala si hesabu ya miaka. Ni namba ya kimaabara tu, na "Ki" ni mji wa Kiel huko Ujerumani ilikogunduliwa. Namba yako ni 40. Ki-67 ni protini inayoonekana kwenye kiini cha seli wakati seli iko kwenye harakati za kugawanyika. Seli ikipumzika, protini nayo inatoweka. Maabara tunaweka juu ya kipande kingamwili inayoinasa protini hiyo, tunaongeza rangi, na kila kiini chenye protini kinakuwa kahawia huku vingine vikibaki na rangi ya buluu. Halafu mtu anakaa na kuhesabu. Kwenye utando wenye afya, kahawia huikuta chini tu, kwenye safu ambayo seli mpya zinazaliwa. Kwenye kinyama kama chako inapanda mpaka tabaka za juu, mahali ambapo seli zilipaswa kuwa zimekwisha kuacha kuzaana. Arobaini maana yake ni kwamba, katika eneo lililohesabiwa, seli 40 katika kila 100 zilikuwa kwenye harakati hizo.

Nimesema katika eneo lililohesabiwa. Kipande kimoja hakina rangi sawa kote. Mwenzangu akihesabu kona iliyokolea ataandika 50, mimi nikihesabu ya pembeni nitaandika 30, na hakuna kati yetu aliyedanganya. Kipande kikichelewa kutiwa kwenye formalini, maji ya dawa ya kukihifadhi kisioze, rangi nayo inaharibika. Ndiyo sababu waliandika "takriban", na mimi ningeandika hivyohivyo. Lakini hata ingekuwa 40 kamili, hakuna kiwango kilichokubalika kwamba juu ya namba fulani saratani hii ya utando itarudi na chini yake haitarudi. Tafiti zilizopo zimefanywa kwa wagonjwa wachache wachache, na zinachoonyesha ni mwelekeo: Ki-67 ya juu huandamana na seli zilizopotoka zaidi. Hilo aliyeandika ripoti yako alikwisha liona kwa rangi za kawaida kabla hata ya kuomba Ki-67. Mara nyingi sisi huiomba ili itutoe kwenye mashaka, pale tusipojua kama tunaangalia saratani changa au kinyama cha kawaida kilichochubuka na kuvimba. Kwako imesaidia kuthibitisha jina la ugonjwa. Kukuambia una miaka mingapi, hiyo haiwezi, na mtu asikutishe nayo.

Kuhusu p53 nitakueleza kidogo zaidi, maana inahusu kazi yako. Hii ni protini ya ulinzi. Chembe za urithi zikiumia, p53 huisimamisha seli ijirekebishe, au ikishindikana, huiamuru ife. Seli yenye afya huitengeneza na kuivunja harakaharaka, kwa hiyo kwa rangi zetu haionekani sana. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi hutoka protini mbovu ambayo haifanyi kazi na pia haivunjiki. Inarundikana kwenye kiini, na kipande chote kinakuwa kahawia iliyokolea. Kwa hiyo "chanya kwa nguvu" haina maana kwamba una ulinzi mwingi. Ina maana kwamba mlinzi ameharibika. Kuna wagonjwa wengine ambao haionekani kabisa, sifuri, na hiyo nayo ni mbaya vilevile. Kwa hiyo ukikutana na mgonjwa mwenzako mwenye "p53 hasi", usidhani amekuzidi bahati.

Kilichoiharibu, kwa kiasi kikubwa, ni jua. Kwenye saratani za utando wa jicho za wagonjwa wa Uganda, watafiti waliikuta jeni ya p53 ikiwa na aina ya jeraha ambayo huachwa na mionzi ya jua. Na wewe unasimama Feri tangu alfajiri, jua linakupiga kutoka juu na kutoka baharini. Nakuomba kofia pana na miwani inayozuia mionzi hiyo. Miwani myeusi ya urembo tu haitoshi. Mwulize muuzaji, au ipeleke ikapimwe kwa mtaalamu wa miwani. Ila p53 nayo haisemi kama ugonjwa utarudi. Inaeleza zaidi ulikotoka.

Tuje kwa shemeji na p16. Kwenye mlango wa kizazi, p16 ikiwa chanya kwa nguvu tunaichukulia kama alama ya virusi vya papiloma, na kuna sababu. Virusi hivyo vinaizima protini nyingine iitwayo Rb, na Rb ikizimwa, p16 inapanda. Kinachopandisha p16, basi, ni kuzimwa kwa Rb, na Rb inaweza kuzimwa kwa njia nyingine zisizo na kirusi chochote. Kwenye utando wa jicho p16 si kipimo cha kuaminika cha virusi vya papiloma. Hata tafiti zilizovitafuta virusi vyenyewe kwenye vinyama hivi zimetofautiana sana: nyingine zimevikuta kwa wengi, nyingine karibu hakuna. Na hata vingekuwepo, virusi vya papiloma vimeenea mno. Watu wengi waliowahi kukutana kimwili na mtu wamewahi kuvipata, na vinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Mwambie shemeji kwamba mtu aliyeandika "p16 chanya" hakuwa anaandika habari za ndoa yenu, na kama anataka kulisikia hilo kwa daktari, aje naye kliniki aulize mwenyewe. Kipimo cha mlango wa kizazi kipime kwa sababu unaishi na VVU, na ungetakiwa kukipima hata jicho lako lingekuwa zima. Ulizia hukohuko CTC, kliniki yako ya dawa za VVU.

Nimekuja sasa kwenye kingo, na hapa naomba unisome taratibu.

Kinyama cha jicho kikitolewa, kipande kinachotufikia ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ni laini sana. Inavyotakiwa, daktari aliyekikata akitandaze juu ya kikaratasi, akiache kishike kidogo, afunge kauzi upande mmoja ili tujue wapi ni puani na wapi ni kwenye kioo cha jicho, ndipo akitie kwenye formalini pamoja na karatasi yake. Kikitupwa moja kwa moja kwenye kichupa kinajikunja kama ganda la kitunguu lililoangukia mafuta ya moto. Kinafika maabara kikiwa kikunjo. Tunakipaka wino pembezoni, tunakizamisha kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba mno, na chini ya hadubini naona saratani imegusa wino. Lakini sijui kama huo ni ukingo halisi ulipopita mkasi au ni kunjo tu. Hapo mtu mwaminifu anaandika kwamba kingo haziwezi kutathminiwa. Mstari huo hausemi saratani imebaki kwenye jicho lako, na hausemi imeisha. Unasema hakuna anayejua, na kwa ugonjwa unaopenda kurudi palepale, hilo ndilo jambo lenye uzito kuliko protini zote tatu.

Fanya hivi. Rudi ulikofanyiwa, uombe daktari wako awasiliane na maabara. Ile nta yenye kipande chako hutunzwa, na mara nyingine tukikata vipande vingine kwa ndani zaidi ukingo unapatikana. Uliza pia kina: seli za saratani zimeshuka kiasi gani chini ya utando, na je, zimefika kwenye ule ukuta mweupe mgumu wa jicho? Ripoti isiposema, iombwe iseme. Ukiamua kwenda hospitali nyingine, kwa mfano CCBRT pale Msasani au Hospitali ya Taifa Muhimbili, omba slaidi au nta iende pamoja nawe. Picha ya karatasi kwenye simu haiwatoshi.

Wakati hilo linaendelea, jicho lako linatakiwa kuangaliwa kwa ile taa yenye hadubini, pamoja na kugeuzwa kope. Usingoje liume. Saratani hii mwanzoni haiumi, na jicho lililotulia miezi miwili baada ya kukatwa bado halijatuambia kitu.

Baada ya kuangalia, daktari wa macho atakuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kusubiri huku anakuchunguza kila baada ya miezi michache. Inafaa kama kingo zikionekana safi na jicho limetulia, lakini inataka mgonjwa anayerudi kweli, na wewe mwenyewe unajua siku za meli kuingia mtu anavyosahau kliniki. Ya pili ni kukata tena eneo lile, safari hii kwa kukata pamoja na ukanda mpana wa nyama yenye afya kuzunguka, na kugandisha kingo kwa ubaridi. Ni nzuri kama kuna kitu kinachoonekana. Kama hakionekani, unakata nini?

Ya tatu ni matone ya dawa ya saratani, iitwayo fluorourasili, na kwa hali yako ndiyo ningeiulizia kwa nguvu. Inazuia seli kutengeneza chembe za urithi, kwa hiyo inazipiga zinazogawanyika. Wenzetu wa Kenya waliijaribu kwa utaratibu mzuri kati ya 2012 na 2014. Wagonjwa 98 walikatwa kwanza vinyama kama chako. Nusu wakapewa matone hayo mara nne kwa siku kwa wiki nne, nusu wakapewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa 5 kati ya 47 waliotumia dawa na waliofuatiliwa mpaka mwisho, na kwa 17 kati ya 47 wasiotumia. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini zisome namba hizo pande zote mbili: wasiopata dawa, 30 hawakurudiwa, waliopata, 5 walirudiwa. Dawa inapunguza hatari, haiifuti. Na itakusumbua, jicho litachuruzika machozi, litawasha, ngozi ya kope inaweza kubabuka. Hayo kwa kawaida hupita dawa ikiisha. Matone haya huandaliwa na mfamasia wa hospitali kwa maelekezo ya daktari, si dawa ya kununua dukani. Kwa sababu imepita miezi miwili tangu ukatwe, daktari ataamua kama bado yana nafasi au aanze na kitu kingine.

Kutoa jicho? Hapana, si kwa ulichonieleza. Jicho hutolewa saratani ikiwa imeingia ndani yake, na ikivuka kwenda kwenye tundu upasuaji unakuwa mkubwa zaidi, pengine na mionzi, ambayo hapa Dar hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hakuna protini katika hizo zako tatu inayotosha kumfanya daktari atoe jicho linaloona.

VVU ina nafasi yake katika haya. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Kampala aliripoti jinsi saratani hii inavyoandamana na VVU, na hadi leo katika nchi zetu tunaiona kwa vijana na kwa wanawake wengi, wakati kwingineko duniani ni ugonjwa wa wazee wa kiume. Kinga ikishuka, seli zilizopotoka hazikamatwi. Umetumia dawa vizuri tangu 2016, na hilo linakusaidia kuliko unavyodhani. Endelea, na wajulishe CTC habari za jicho. Waulize wingi wa virusi wako wa karibuni na CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, ukaviandike nyuma ya kadi. Mimi nikiulizwa nitabiri kuhusu jicho lako, ningetaka namba hizo mbili na jibu la kingo kabla ya Ki-67.

Shangazi naye nisimpuuze, maana alichokiona kipo. Watu hukatwa kinyama, baada ya miezi kinarudi kikubwa zaidi ya kile cha kwanza, na mtaa mzima unasema kisu kimekichokoza. Kilichotokea ni kwamba mzizi ulibaki, mara nyingi kwa sababu kilikatwa kama kinyama cha kawaida, bila kukata na ukanda wa nyama yenye afya pembeni na bila kupelekwa maabara. Ungekiacha kingeendelea kukua bila kuguswa na mtu. Ninachomwomba asikupe maji ya majani ya kukamulia jichoni, na wewe usijinunulie matone ya steroidi dukani ili wekundu upungue. Yanatuliza jicho kwa nje huku kilicho chini kinaendelea.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona lolote kati ya haya: kinyama au doa jeupe linaota tena, wekundu wenye mishipa minene upande uleule, uoni unapungua, unaona vitu viwili viwili, jicho linasukumwa mbele, au mtoki mgumu mbele ya sikio au chini ya taya. Siku hiyohiyo nenda kwa daktari wa macho. Hata bila hayo, usiuache mwezi huu upite bila jicho kuangaliwa. Na kama una ujauzito, unanyonyesha, au mnapanga mtoto, sema kabla hawajakuandikia hayo matone, kwa sababu hapo dawa itabidi iwe nyingine.